Kwa nini mhusika wangu mweusi nikimpaka rangi anatoka amepauka?

#1 mwana_penseli

Wakuu habari. Nachora wahusika kwa ibisPaint, programu ya kuchora, kwenye simu, huu mwaka wa pili. Mistari imeanza kutulia, rangi ndiyo inanitoa jasho.

Nina mhusika wangu, dada muuza samaki pale soko la Feri, Dar, ana beseni kichwani. Ni mweusi, ule weusi wa kahawa iliyokaangwa ikaiva. Nikimpaka rangi ya msingi tu anapendeza. Nikianza kumwekea kivuli na mng'ao, anageuka mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Amepauka! Magoti jivu, uso kama umepitiwa na vumbi la saruji. Mhusika mweupe kwa hatua zilezile anatoka vizuri, na hapo ndipo inaponiuma, maana watu ninaotaka kuwachora ni wa kwetu.

Rangi ya msingi ni kahawia, namba yake kwenye programu 6B3F2A. Kivuli: nyeusi, leya (tabaka) ya juu, opasiti (uzito wa leya) asilimia 50. Mng'ao: nyeupe, opasiti 30. Picha nimeiweka hapo chini. Kasoro za mwili nazo semeni, sitanuna.

#2 Ngosha wa Leya

Mkuu, jibu umelitoa mwenyewe: nyeusi. Nyeusi inaua ngozi. Kivuli cha ngozi nyeusi kinataka kahawia nzito yenye wekundu, au zambarau iliyokolea. Futa leya yote ya kivuli, anza upya na 3B1818, utaniletea majibu.

#3 Nyamizi

Naunga mkono #2. Nilichora picha ya harusi ya kaka yangu, bibi harusi mweusi, kivuli nikaweka nyeusi. Wifi alipoiona akaniuliza kwa upole, "Hapa nilikuwa naumwa?" Sijaigusa nyeusi tena tangu siku ile.

#4 Karakana

Wifi yenu pole yake, ila kwenye hesabu mmekosea wote wawili, na nitaonyesha.

6B3F2A maana yake nyekundu 107, kijani 63, bluu 42. Ukolezi wa rangi hiyo, yaani ilivyo mbali na kijivu, ni kama asilimia 61. Ukiilaza nyeusi juu yake kwa opasiti 50, kila namba inagawanywa kwa mbili: 54, 32, 21. Pima tena ukolezi: 61 ileile. Nyeusi imeshusha mwanga tu, haijapausha chochote.

Sasa laza nyeupe kwa opasiti 30 kama anavyofanya mwenye uzi. Unapata 151, 121, 106. Ukolezi umeanguka hadi 30, yaani nusu umekwenda. Jivu lenu hilo hapo. Linatoka kwenye mng'ao, kivuli mnakisingizia.

Na anayeweka kivuli kwa kijivu badala ya nyeusi naye anapausha vilevile. Kijivu cha 60-60-60 kwa opasiti 50 kinakupa 84, 62, 51, ukolezi 39.

Mhusika mweupe hapati shida hii kwa sababu ngozi yake iko karibu na nyeupe tangu mwanzo, nyeupe ikiongezwa haionekani sana. Ngozi nyeusi iko mbali na nyeupe, kila tone linapiga kelele.

#5 mwana_penseli

Karakana asante. Nimezima leya ya mng'ao peke yake, kweli jivu limeondoka palepale. Nimekaa naangalia simu kama mjinga. Lakini sasa amekuwa kama kinyago cha mpingo, kivuli kipo ila hakina uhai. Kwa hiyo Ngosha naye hajakosea kabisa?

#6 Ngosha wa Leya

Sijakosea, mkuu. Karakana anatuletea asilimia za programu. Asilimia ya ukolezi ni uwiano wa namba, jicho halifanyi kazi hivyo. 54-32-21 kwenye skrini ni giza, na gizani jicho halioni rangi hata kama hesabu inasema 61. Ndiyo maana wachoraji wengi huongeza wekundu kivulini, jicho lipate kitu cha kushika. Hesabu yako ni sahihi, ila hitimisho lako ndilo silikubali.

#7 Karakana

Hapo nakubali nusu. Basi tufanye hivi: kivuli weka kwa leya ya maltiplai, ile inayozidisha rangi yake na iliyo chini, rangi iwe zambarau nyepesi, tuseme 170-130-170. Ikizidishwa na ngozi ya mwenye uzi na kugawanywa kwa 255 inatoa 71-32-28. Ukolezi unabaki 61, ila rangi yenyewe imesogea kutoka kwenye machungwa kwenda kwenye wekundu. Unapata giza na uhai kwa pamoja, tena leya ni moja tu.

#8 Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu, mimi napaka hina na piko, na nachora maua kwa tableti aliyoninunulia binti yangu. Namba zenu sizijui, lakini ngozi naijua, nimeshika mikono na miguu ya maharusi miaka mingi.

Jana saa kumi jioni nilikaa barazani na mjukuu wangu, nimemaliza kumpaka mafuta ya nazi. Ni mweusi sana, kamfuata babu yake. Nikauangalia mkono wake kuanzia begani. Juu ya bega palipokuwa pameelekea mbinguni pamekuwa buluu. Buluu kabisa, kama maji ya bahari saa ile, wala si nyeupe. Upande ulioelekea ukuta wetu wa chokaa una weupe wa maziwa, ila hafifu. Chini ya mkono, pale panapoangalia sakafu nyekundu, pana wekundu kama wa udongo. Katikati, pasipoguswa na kimoja kati ya hivyo, ndipo penye rangi ya mtoto mwenyewe, na pembamba kweli. Nilimgeuza mkono, rangi zote zikahama.

Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta ni kioo. Mchoraji aangalie kwanza kioo kinatazamana na nini.

#9 Nyamizi

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma posti yako mara tatu, nikatoka nje kuangalia mkono wangu mwenyewe.

#10 Karakana

Shikamoo mama. Ulichokiona kina maelezo yake. Ngozi inarudisha mwanga kwa njia mbili. Kuna unaoingia ndani kidogo, unakutana na melanini, ile inayoipa ngozi weusi, unatoka umebeba rangi ya ngozi. Na kuna unaodunda juu kwa juu bila kuingia, huo hauchukui rangi ya ngozi, unabaki na rangi ya kilichouleta. Kwenye ngozi nyeupe aina ya kwanza ni mwingi mno, wa pili unamezwa. Kwenye ngozi nyeusi wa kwanza ni mdogo, ndiyo maana wa pili unaonekana waziwazi: buluu ya anga, weupe wa chokaa.

Kwa hiyo mng'ao wa ngozi nyeusi ni halali kabisa. Kosa ni kuusambaza mwili mzima kwa brashi laini, tena kwa nyeupe ambayo haipo mahali popote kwenye mandhari. Uweke padogo, kingo kali, rangi ya anga au ya taa.

#11 Mvita

Assalaam alaikum. Mimi niko Mombasa, nawasoma toka asubuhi, mwazunguka mbuyu. Ndugu yangu, hebu angalia simu yako, ile kinga ya macho ya usiku umeiwasha? Mie nilipaka rangi mwezi mzima usiku kinga ikiwa imewashwa. Yapunguza bluu, kila kitu chaonekana chekundu cha kupendeza. Wewe wapunguza wekundu ili pawe sawa. Asubuhi waizima, mhusika wako kashakuwa maiti.

Na hizo simu za skrini ya AMOLED zikiwa kwenye hali ya rangi kali zaongeza ukolezi, wajiona fundi. Ukimtumia mwenzio mwenye simu nyingine yeye aona majivu. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza kukaguliwa, hesabu baadaye.

#12 mwana_penseli

Mvita... imewashwa. Na nachora usiku baada ya kazi. Naizima sasa hivi.

#13 Mvita

Nilijua! Karakana, rudisha kalkuleta yako dukani 😄

#14 Karakana

Kinga ya macho haibadilishi namba zilizomo kwenye faili, Mvita. Nyeupe 30 itapausha mchana na usiku. Lakini umenipata, kuizima ndiyo hatua ya kwanza, nilitakiwa niulize.

#15 Mtaalamu wa Viungo

Naomba niingie kwa mlango mwingine. Kazi yangu ni tiba ya viungo hospitalini, kuchora ni mapenzi. Nimeipanua picha ya mwenye uzi. Mnabishana rangi ya kivuli wakati kivuli chenyewe kimekaa pasipo mwili.

Angalieni mkono wa kulia, ule ulioshika beseni. Kivuli kimezunguka kingo zote, katikati pameachwa peupe. Mkono mzima umekuwa mto wa kulalia. Mapaja vilevile, na uso. Ukifanya hivyo, hata upate rangi kutoka peponi, mtu ataonekana amevimba na ana vumbi.

Pili, bega. Mkono ukiinuliwa hadi juu ya kichwa ni kama digrii 180, na haziendi zote kwenye kiungo cha bega. Takribani 120 ndizo za kiungo, 60 zinazobaki zinatoka kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni unaoteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, nao unainuka. Kwa hiyo mtu akishika beseni kichwani, bega linapanda kuelekea sikioni na shingo upande ule inaonekana fupi. Wewe umeuchomeka mkono juu huku bega limebaki chini kama la mtu aliyesimama wima kwenye paredi.

Simama mbele ya kioo, weka kiganja cha kushoto kwenye bega la kulia, inua mkono wa kulia polepole. Utausikia mtulinga ukipanda chini ya vidole. Ukishausikia mara moja hutakosea tena.

#16 Ngosha wa Leya

Nimefanya hapa kazini, mwenzangu anauliza kama nimeteguka.

#17 Nyamizi

Mtaalamu, na urefu? Mimi naona mkono ule ukishushwa utafika gotini.

#18 Mtaalamu wa Viungo

Macho yako mazuri. Mkono ukining'inia, kiwiko kinafika usawa wa kiuno, kifundo cha mkono kinafika usawa wa mahali mapaja yanapoachana, ncha za vidole katikati ya paja. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu. Mafundisho mengi, ya mchoraji Loomis yakiwemo, yanatoa vichwa vinane kwa sababu mtu anapendeza zaidi, na si vibaya ukijua unachokifanya. Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa vinne. Kiganja kikifunguliwa kinafunika uso kuanzia kidevuni hadi zinapoanzia nywele, na viganja vya huyu dada havifiki hata puani.

#19 fundi_saa_saba

Nyote mmesahau beseni.

Dada ana beseni kichwani. Mwenye uzi kachora kivuli chini ya miguu kikiwa kidogo na cha duara, maana yake jua liko utosini, tuseme saa saba mchana. Sasa beseni pana la samaki, jua utosini: uso wote uko kivulini! Mabega kwa sehemu nayo kivulini. Wewe umempa mng'ao kwenye paji la uso na ncha ya pua. Jua limepenya beseni?

Somo la kivuli tunalojifunzia wengi wetu linaweka mwanga pembeni juu, nyuzi 45, kwa sababu walioliandika wanakaa huko jua linakopita limeinama. Dar es Salaam iko kama nyuzi saba tu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali sana. Mtu wa kwetu mchana ana vivuli chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu, macho yamezama. Mabega na migongo ya nyayo ndiyo yanayowaka.

Na huyo dada uso wake unaangazwa na nini, kama jua limezibwa? Na chini. Sakafu ya zege iliyolowa maji ya samaki, inayorudisha mwanga kuelekea juu. Kidevu na chini ya pua vinapata mwanga, paji la uso linabaki giza. Kinyume kabisa na ulichochora.

#20 Bi Mkubwa wa Tanga

Fundi umenena. Beseni ni la rangi gani? Kama ni jekundu la plastiki, jua linapita kidogo, na utosi wake unapata wekundu.

#21 mwana_penseli

Ni la plastiki, la kijani. Bi Mkubwa umeniacha hoi, sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

#22 Kitenge Blue

Mimi naona mnamchosha kijana. Nani kasema lazima kivuli? Tingatinga alichora bila vivuli hivyo, rangi za baiskeli, bapa kabisa, dunia nzima ikanunua. Alianza miaka ya 70 pale Oysterbay na mpaka leo wanafunzi wa wanafunzi wake wanakula kwa mtindo ule. Chora bapa, mstari mzuri, kitenge chenye rangi, basi. Uhai wa picha hautoki kwenye mng'ao wa pua.

#23 Mzee Brashi

Nakusahihisha kidogo. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani ni mtu mwingine. Alichora miaka minne tu. Rangi ni kweli, enameli ya baiskeli juu ya hadibodi.

Lakini usiseme hakuna mwanga mle. Angalia jinsi mandhari ya nyuma yanavyopakwa, rangi moja inayeyuka kwenda nyingine kutoka chini hadi juu. Na mnyama mweusi hawekwi juu ya nyeupe tupu, anawekewa nyuma rangi inayomsukuma mbele. Hapo ndipo ninapotaka kumuuliza mwenye uzi: umechorea kwenye turubai jeupe?

#24 mwana_penseli

Ndiyo mzee, jeupe. Mandhari huwa naweka mwisho.

#25 Mzee Brashi

Basi jicho lako linadanganywa tangu dakika ya kwanza. Rangi nyeusi ikizungukwa na nyeupe inaonekana nyeusi zaidi ya ilivyo, kila kitu ndani yake kinazama. Unaogopa, unaongeza nyeupe ili sura ionekane. Mimi nilifundishwa kwa rangi ya mafuta: kwanza paka turubai lote kahawia au kijivu cha katikati, likauke, ndipo umlete mtu. Kwenye simu ni kugusa mara moja tu. Jaza leya ya chini rangi ya ukuta au ya mchanga, halafu pima ngozi dhidi ya hiyo. Utashangaa nyeupe utakavyoihitaji kidogo.

#26 Karakana

Hili la Mzee Brashi ni kubwa kuliko langu, kwa sababu linaeleza kwa nini aliishika nyeupe mwanzoni.

#27 Mvita

Karakana leo akubali kila mtu. Mwacheni, yuafa huyu 😄

#28 Nyamizi

Nirudi kwenye uso. Tuseme rangi imekaa, bado huyu dada kwangu ni mhusika wa katuni za Kijapani aliyepakwa kahawia. Pua ni nukta. Mdomo ni mstari.

Kanuni tunayofundishwa ni kwamba upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho mawili. Nimepima nyuso kumi za ukoo wetu kwenye albamu, nane mbawa za pua zimepita mstari huo. Kanuni ilipimwa kwenye nyuso nyingine, kwa hiyo ukiifuata unachora jirani wa mtu badala ya mtu mwenyewe.

Midomo nayo: wa juu mara nyingi ni mweusi kuliko wa chini, na wa chini una upinde katikati. Mstari wa kuzunguka midomo yote usiuweke, acha tofauti ya rangi ifanye kazi. Viganja ni vyepesi, mistari yake ndiyo mieusi. Vifundo vya vidole, viwiko na magoti ni vyeusi zaidi ya ngozi ya jirani. Nyeupe ya jicho isiwe FFFFFF, yaani nyeupe tupu, hasa chini ya beseni, iwe kijivu chenye njano kidogo. Ukiweka nyeupe tupu macho yanaruka nje ya uso.

#29 Ngosha wa Leya

Na nywele! Ule mkanda unaong'aa unaozunguka kichwa ni wa nywele zilizonyooka. Kipilipili haziakisi hivyo, kila msokoto una kamwanga kake na zote kwa pamoja zinameza mwanga. Chora umbo kwanza kama kichaka kimoja, kisha shughulikia ukingo tu. Kama kasuka twende kilioni, kivuli kinakaa kwenye njia ya ngozi iliyo kati ya mistari, na kila msuko una mgongo wake wa mduara.

#30 Nyamizi

Kati ya mistari ngozi mara nyingi ni nyepesi kuliko ya uso, Ngosha, na ina mafuta. Usipatie giza sana. Nimesuka vichwa vingi kuliko wewe.

#31 Ngosha wa Leya

Hapo nimenyoosha mikono.

#32 Chapa Kkoo

Jamani mkishamaliza, kumbukeni kuna kuchapa. Nina mashine Kariakoo, kila wiki kijana analeta mhusika mweusi mzuri kwenye simu, fulana inatoka na doa la kahawia lenye macho. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, wino hautoi. Kivuli chenu cha 59-24-24 (ile 3B1818 ya Ngosha) na cha 54-32-21 kwenye wino vyote vinakuwa kitu kimoja, nyeusi. Mimi huwaambia wapandishe mwanga wa sehemu za giza kabla ya kuleta, na wachape kipande cha ukubwa wa kiganja kwanza. Kwa hiyo swali la "rangi gani ya kivuli" linategemea picha inaishi wapi.

#33 Kitenge Blue

Chapa, fulana moja bei gani siku hizi?

#34 Chapa Kkoo

Njoo dukani, hapa tuzungumze ngozi.

#35 msomaji_kimya

Sijawahi kuandika hapa, ila hili la picha za kuangalizia limenigusa. Wengi tunachora kwa kuangalia picha za simu, tukidhani picha ni ukweli. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipanga rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, wakiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Miaka ya 1990 ndipo ikaja kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Albamu za nyumbani kwetu za miaka ya 80, shangazi wanaonekana meno na macho tu, nami nilikua nikiamini ndivyo walivyokuwa.

Simu za sasa zina afadhali, ila nyingi zina urembo wa uso unaowashwa bila wewe kuomba. Unalainisha, unaweupisha. Ukimchora mtu kutoka picha ile umeshachora aliyepauka kabla hujagusa brashi. Mimi sasa nikitaka rangi ya mtu namwomba akae dirishani, nachanganya rangi huku namtazama yeye, picha natumia kwa mkao tu.

#36 Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu umeandika vizuri, usikae kimya tena.

#37 fundi_saa_saba

Nakubaliana na msomaji ila kwa tahadhari. Simu kwa mkao nayo ina kasoro: ukimpiga mtu karibu sana pua inakua, masikio yanarudi nyuma. Rudi hatua mbili tatu, halafu kata picha.

#38 mwana_penseli

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya haya: nimezima kinga ya macho, nimejaza turubai rangi ya zege, nimepandisha bega la kulia na kuongeza kiganja. Uso wote nimeutia kwenye kivuli cha beseni kwa maltiplai ya zambarau ya Karakana. Chini ya kidevu na chini ya pua nimeweka mwanga wa kijivu-kijani unaotoka sakafuni, hafifu. Nyeupe sikuigusa. Mng'ao upo sehemu mbili tu, juu ya bega la kushoto lililotoka nje ya beseni na kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, wa buluu ya anga.

Nilimwonyesha mama bila kumwambia kitu. Akasema, "Huyu ana jua." Picha mpya iko hapo chini.

#39 Nyamizi

Mwanangu wewe! Nimekuwa nikiangalia lile bega dakika nzima.

#40 Ngosha wa Leya

Safi sana. Mnaona, nyeusi imeondoka, uhai umerudi. Nilisema tangu #2.

#41 Karakana

Nyeupe ndiyo iliyoondoka, Ngosha. Pamoja na nyeusi, sawa, lakini alituambia kwenye #5 kwamba jivu liliondoka kwa kuzima mng'ao tu.

#42 Mzee Brashi

Na turubai mmelisahau tena.

#43 Mtaalamu wa Viungo

Bega limepanda vizuri. Sasa angalia mkono chini ya kiwiko. Umechora kiganja kinaangalia mbele lakini mkono wenyewe haujajipinda. Pale kuna mifupa miwili. Kiganja kikigeuka, mmoja unavuka juu ya mwenzake, na nyama inafuata. Shika mkono wako hapo, geuza kiganja mbele na nyuma, uone upana unavyobadilika karibu na kifundo. Ukirekebisha hapo, kivuli cha mkono nacho kitahama, itabidi ukipake upya.

#44 mwana_penseli

Naufungua faili sasa hivi.

#45 Bi Mkubwa wa Tanga

Ukimaliza mkono, mwekee unyevu wa magamba ya samaki kwenye vidole. Muuza samaki hana vidole vikavu.